Mtungi wa Umeme: Jinsi ya Kuchagua Kapasita za Amplifaya ya Zamani

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na kwetu ni Ifakara, katika Bonde la Kilombero. Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo ambacho chaweza kukaa katika kiganja cha mtoto, walakini chaweza kumwua mtu mzima. Kitu hicho mafundi hukiita kapasita. Nitawaeleza kazi yake, sababu za kuharibika kwake, na namna ya kuchagua mpya wakati ile ya zamani inapokufa. Wala sitaficha kosa nililolifanya mimi mwenyewe, maana kosa lililofichwa halimfundishi mtu.

Yuko kwetu mzee mmoja aliyekuwa mpiga gita wa bendi ya dansi katika miaka ya 1970. Siku zile mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa na sifa kubwa ya muziki. Palikuwa na Cuban Marimba ya marehemu Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na palikuwa na Morogoro Jazz ambayo Mbaraka Mwinshehe aliipigia gita kabla ya kuanzisha bendi yake ya Super Volcano mwaka 1973. Huku kwetu bondeni kulikuwa na kiwanda cha sukari, na reli ya TAZARA iliyojengwa toka mwaka 1970 hata 1975 ilipita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Wafanyakazi walikuwa wengi, na jioni ya Jumamosi watu walitaka kucheza dansi. Bendi ya mzee wetu haikuwa na jina kubwa, lakini ilikuwa na gita mbili na amplifaya moja ya valvu, yaani kikuza sauti kinachofanya kazi kwa taa za kioo zenye moto ndani.

Bendi ilivunjika, na wenzake wengi wamekwisha kufa. Amplifaya ilibaki nyumbani kwake chini ya kitanda, imefunikwa kwa gunia. Siku moja aliniita. Nikaenda, nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaniitikia, "Marahaba, mwanangu. Wewe wawafundisha watu mambo ya umeme. Mjukuu wangu ameanza kujua gita. Nataka ajifunze kwa chombo hiki nilichojifunzia mimi. Waweza kukifufua?"

Nikamjibu upesi kwamba naweza. Upesi ule ndio uliotaka kutuletea msiba.

Lakini kwanza, kapasita ni nini? Ni mtungi wa umeme. Katika miaka ya 1745 na 1746 watu wawili wa Ulaya, Ewald von Kleist wa Pomerania na Pieter van Musschenbroek wa mji wa Leiden katika Uholanzi, walivumbua kila mmoja kwa njia yake kwamba chupa ya kioo yaweza kuwekwa umeme ndani yake kama vile mtungi unavyowekwa maji. Mtu aliyeigusa chupa ile alipigwa pigo kali, ijapokuwa mashine iliyouleta umeme ilikuwa imekwisha kuondolewa. Jambo hilo lishikeni vizuri: mashine imeondolewa, lakini umeme umebaki.

Kapasita za siku hizi ni zile zile chupa kwa umbo jingine. Ni mabamba mawili membamba ya madini, na katikati yake kitu kisichopitisha umeme, kama karatasi, plastiki, au ulanga, yale mawe yang'aayo yanayochanika kama kurasa za kitabu. Ukubwa wa mtungi hupimwa kwa faradi, kwa kumkumbuka mtaalamu Michael Faraday wa Uingereza. Faradi moja ni kubwa mno, kwa hiyo katika amplifaya sisi hutumia mikrofaradi, yaani sehemu moja katika milioni.

Katika amplifaya ya valvu kapasita zina kazi nyingi, lakini mbili ndizo kubwa.

Kazi ya kwanza ni kutuliza umeme. Umeme wa nyumbani hauendi sawasawa, bali huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Valvu hazitaki umeme wa namna hiyo, zataka umeme unaokwenda upande mmoja, mtulivu. Sisi watu wa Kilombero twaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi, maana tuna mfano wake karibu. Mto Ruaha Mkuu hufurika wakati wa masika na kupungua sana wakati wa kiangazi. Kama mitambo ya Kidatu, yenye nguvu za megawati 204, ingetegemea mto peke yake, ingepungukiwa maji wakati wa kiangazi. Basi huko juu liko bwawa la Mtera, linalopokea maji ya mafuriko na kuyatoa kidogo kidogo, kisha maji hufika katika bwawa la Kidatu na kuingia katika mitambo. Katika amplifaya kadhalika, kapasita ya kwanza ni Mtera: hupokea wimbi la umeme linapofika na kulitoa wakati wimbi linapopungua. Kapasita ya pili ni Kidatu: humalizia utulivu. Zikikauka, spika hunguruma mfululizo hata kama hakuna mtu aliyegusa gita.

Nimesema "zikikauka", na hilo si neno la mfano tu. Kapasita hizi za kutuliza huitwa za elektroliti. Ndani yake mna karatasi nyembamba ya aluminiamu yenye utando mdogo sana juu yake, na utando huo ndio unaozuia umeme. Pamoja nayo mna karatasi iliyolowa maji ya dawa. Kwa miaka mingi, na kwa joto la valvu, maji yale hukauka. Tena, chombo kikikaa muda mrefu bila kutumiwa, utando wenyewe hudhoofika. Kwa hiyo amplifaya iliyokaa chini ya kitanda miaka 30 ni ya hatari kuliko ile inayopigwa kila juma. Usiichomeke katika umeme ati upate kuona kama bado inalia.

Kazi ya pili ni kuupitisha wimbo na kuuzuia umeme mzito. Valvu moja huipa nyingine sauti ya gita, lakini valvu ya kwanza imebeba volti nyingi ambazo hazipaswi kuifikia ya pili. Hapo katikati huwekwa kapasita ndogo. Ifikirini kama ngozi ya ngoma: upande huu ukipigwa, mtikisiko hufika upande wa pili, lakini hata upepo haupiti. Ngozi ikitoboka, mambo huharibika. Katika vyombo vya zamani kapasita hizi zilikuwa za karatasi na nta, na karatasi hunyonya unyevu wa hewa. Nanyi mwaijua hewa ya bondeni kwetu wakati wa masika, jinsi hata chumvi inavyolowa katika kopo. Kapasita ikivujisha umeme, valvu ya mwisho hufanya kazi kupita kiasi, na bamba lake huanza kuwa jekundu kama kaa la moto. Mwisho wake valvu hufa, na yamkini transfoma huungua pamoja nayo. Valvu mpya zapatikana, lakini transfoma ya chombo cha miaka 60 ni shida kuipata.

Sasa nirudi katika kosa langu.

Niliifungua amplifaya ya mzee. Nikakuta kapasita mbili za kutuliza zimevimba, kila moja imeandikwa 32 mikrofaradi, volti 450. Nikakuta pia kwamba zamani fundi fulani aliondoa valvu inayogeuza umeme kuwa wa upande mmoja, akaweka dayodi mahali pake. Simlaumu. Katika miaka ya mwisho ya 1970 na katika miaka ya 1980 vitu vya kutoka nje vilikuwa adimu sana nchini, na fundi alitumia alichokipata.

Nikaweka kapasita za kujaribia kwa muda, nikaiwasha, nikasubiri valvu zipate moto, nikapima. Mita ikasoma volti 375. Nikasema moyoni, "Volti 375 ni chini ya 400, basi kapasita za volti 400 zatosha." Dukani hapo mjini zilikuwapo za volti 400, na bei yake ni rahisi. Nikazinunua, nikazilehemu. Amplifaya ikalia vizuri jioni ile, mzee akacheka, nami nikarudi nyumbani nikijiona fundi.

Siku ya nne, usiku wa saa tano, mjukuu wa mzee, kijana wa miaka 15, alitaka kupiga nyimbo mbili kabla ya kulala. Kifuniko cha nyuma kilikuwa bado hakijarudishwa, kwa uvivu wangu mimi. Akaiwasha. Kabla valvu hazijapata moto, kapasita ya kwanza ikapasuka kwa kishindo, na moshi mweupe ukajaa chumbani. Kijana hakuwa mjinga, akachomoa waya ukutani mara moja. Kisha, akiamini kwamba chombo kimekufa kwa kuwa waya umechomolewa, akatia mkono ndani ili akitoe kile kilichopasuka. Kidole chake kikagusa kapasita ya pili.

Umeme ulimtupa hata ukutani. Alikuwa hai, namshukuru Mungu, lakini kidole kiliungua, na mkono wake ulitetemeka hata asubuhi. Tulikaa naye hospitalini usiku kucha, mimi na babu yake. Mzee hakunilaumu kwa neno moja. Kimya chake kilikuwa kizito kuliko lawama.

Basi nikakaa na kalamu na karatasi, kama ilivyonipasa kufanya tangu mwanzo. Sikilizeni hesabu yenyewe. Transfoma ya chombo kile hutoa volti 300. Lakini hizo 300 ni kipimo cha kawaida tu. Wimbi lenyewe hupanda juu zaidi, na kilele chake ni 300 mara 1.414, yaani volti 424. Wakati valvu zina moto, huula umeme, na volti hushuka hata 375 nilizozipima. Lakini katika nusu dakika ya kwanza valvu ni baridi, haziuli umeme, na dayodi hazingoji kupata moto. Kwa hiyo kapasita hubeba volti 424 zote. Valvu ya asili isingefanya hivyo, maana yenyewe hupata moto polepole pamoja na wenzake.

Tena yako na mengine. Umeme wa nyumbani ni volti 230 kwa desturi, lakini usiku, watu wanapozima vyombo vyao, waweza kupanda. Nilipima pale nyumbani usiku nikapata 245. Zidisha 424 kwa 245, ugawanye kwa 230: jibu ni volti 452 kwa hesabu ya karibu. Kwa hiyo hata kapasita ya volti 450 ilikuwa imepitwa! Na mimi niliweka ya 400. Na kwa kuwa valvu zilikuwa baridi, haukuwapo mlango wa umeme kutokea. Kapasita ya pili ilibaki imejaa kama mtungi ulioachwa pembeni, ikimngoja mtu wa kuigusa.

Kutokana na hayo nimejifunza kanuni tano, nami nawapa bure, ingawa mimi nilizinunua kwa bei.

Kanuni ya kwanza ni ya volti. Usichague kwa volti unazozipima chombo kinapopigwa. Chagua kwa kilele cha transfoma wakati valvu ni baridi, kisha ongeza sehemu moja katika kumi kwa ajili ya kupanda kwa umeme wa nyumbani. Kapasita yenye volti zaidi haidhuru kitu, bali yenye volti pungufu ni hatari. Katika chombo cha mzee ilipasa volti 500.

Najua mtasema, "Mwalimu, huku kwetu za volti 500 tutazipata wapi?" Kweli, si rahisi. Lakini iko njia. Chukua kapasita mbili zilizo sawa na kuzifunga moja nyuma ya nyingine, chanya ya moja kwa hasi ya mwenzake. Volti hujumlika, na ukubwa hugawanyika kwa mbili. Mathalani, kapasita mbili za 68 mikrofaradi na volti 400 hufanya jozi ya 34 mikrofaradi na volti 800. Kila moja ifungiwe rezista ya kiloomu 220, ya wati moja, ili zigawane mzigo sawasawa. Rezista hizo zina faida ya pili: chombo kikizimwa hulimwaga lile lililobaki, na kwa dakika moja na nusu karibu lote huwa limekwisha. Ila angalia, bati la kapasita ya juu lina umeme, lisiguse chuma cha chasisi kamwe.

Kanuni ya pili ni ya ukubwa. Hapa mambo hugeuka: zaidi si heri. Vipimo vya zamani havipatikani tena dukani, kwa hiyo chukua kilicho karibu. Palipoandikwa 8 weka 10, palipoandikwa 16 weka 15 au 22, palipoandikwa 32 weka 33, palipoandikwa 50 weka 47. Kwa zile ndogo za kupitisha wimbo, palipoandikwa 0.02 weka 0.022, na palipoandikwa 0.05 weka 0.047. Tofauti hizo sikio halizijui, maana hata zilipotoka kiwandani zamani hazikuwa sawa kabisa. Lakini usiweke 100 mahali pa 32 ati upate utulivu zaidi. Ikiwa chombo kina valvu ya kugeuza umeme, valvu hiyo ina mpaka wake: EZ81 haitaki kapasita ya kwanza izidi 50 mikrofaradi, na GZ34 haitaki izidi 60. Ukipita hapo, kila unapowasha waipiga kwa mkupuo wa umeme usio na kiasi. Tena mtungi mkubwa huweka umeme mwingi zaidi wa kumpiga mtu.

Kanuni ya tatu ni ya aina. Mahali pa kutuliza weka elektroliti, na uangalie upande wa hasi na wa chanya, maana ikigeuzwa hupasuka. Kapasita nyingi za siku hizi huwa na mstari ubavuni unaoonyesha hasi. Mahali pa kupitisha wimbo weka ya plastiki, ya poliesta au ya polipropilini, ya volti 630, nayo haina upande. Zile za ulanga na za udongo wa kauri zilizo katika sehemu ya kurekebisha sauti aghalabu ni nzima hata baada ya miaka 60. Usiziguse ikiwa hazina kosa. Wako wasemao kwamba sauti tamu ya zamani imo katika kapasita za zamani, kwamba zikiondolewa utamu huondoka. Mimi nimesikiliza, na mzee amesikiliza, naye ana sikio kuliko langu. Utamu ulirudi pale ilipoondoka ile iliyokuwa ikivuja.

Kanuni ya nne ni ya joto. Juu ya kapasita ya elektroliti huandikwa digrii 85 au 105. Chukua ya 105. Hesabu ya mafundi ni hii: kila joto linapopungua kwa digrii 10, umri wa kapasita huwa maradufu. Iliyoahidiwa saa 2000 kwa digrii 105, ikikaa katika digrii 65 hutazamiwa kufika kama saa 32,000. Kwa hiyo iweke mbali na valvu kadiri uwezavyo. Na usichukue kapasita kutoka katika televisheni iliyotupwa, hata kama maandishi yake yapendeza. Umri wake umekwisha kuliwa na joto, nawe hujui umebaki kiasi gani. Kadhalika ogopa kapasita iliyo ndogo na nyepesi mno kwa maandishi yake. Iweke kando ya nyingine yenye maandishi yale yale, ulinganishe. Gunia la debe mbili halitoshi gunia sita, hata likiandikwa hivyo.

Kanuni ya tano ni ya waya wa umeme. Vyombo vingi vya zamani vina waya wa nyuzi mbili tu, na vingine vina kapasita iliyofungwa kati ya umeme wa nyumbani na chasisi. Kapasita hiyo ikifa vibaya, chasisi hupata umeme, kutoka chasisi huenda kwenye nyuzi za gita, na kutoka nyuzi hufika katika vidole vya mpigaji. Akiwa peku juu ya sakafu yenye maji, ndio mwisho wake. Iondoe kapasita hiyo. Ikiwa hapana budi iwepo, weka ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, iliyoandikwa Y2 ubavuni, maana hiyo imefanywa ili ikifa ifunge njia, isifungue. Kisha weka waya wa nyuzi tatu, na ule wa ardhi ufungwe kwa nguvu katika chasisi. Angalia na fyuzi pia. Mimi katika chombo cha mzee nilikuta fyuzi imezungushiwa waya mnene wa shaba, na fyuzi ya namna hiyo hailindi kitu chochote.

Sasa neno lililo kubwa kuliko kanuni zote tano, nalo ni hili: kuchomoa waya si kuua umeme. Kabla ya kutia mkono ndani, chukua rezista ya kiloomu 10 na wati 10, uifunge katika nyaya mbili zenye ngozi nzuri. Upande mmoja ushike chasisi kwa kibanio, na upande wa pili uuguse kwenye chanya ya kila kapasita, moja baada ya moja, ukihesabu hata kumi. Mkono wako mmoja uwe nyuma ya mgongo. Usitumie bisibisi, maana cheche yake huharibu kapasita na yaweza kukuchoma jicho. Kisha pima kwa mita. Usiamini mpaka mita imeshuka karibu na sifuri, na baada ya dakika chache pima tena, kwa sababu umeme kidogo hujirudia wenyewe. Na mtu ambaye hana mita, wala hajafundishwa kuitumia, asifungue chombo cha valvu. Hiyo si aibu, bali ni akili.

Na siku ya kuwasha mara ya kwanza, usikichomeke chombo moja kwa moja. Pitisha umeme katika balbu ya wati 60, ile ya zamani yenye uzi wa moto, ikifungwa katika njia moja na chombo. Balbu ikiwaka kisha ikafifia, mambo ni mazuri. Ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, zima, maana liko kosa ndani. Balbu ya senti chache huungojea msiba mlangoni ili transfoma isiungue.

Wasikilizaji, nilitengeneza tena amplifaya ya mzee. Safari hii nilichukua majuma matatu. Kapasita za plastiki nilizipata Kariakoo, Dar es Salaam, na jozi ya kutuliza niliifunga kwa njia ya kapasita mbili kama nilivyoeleza. Waya wa ardhi upo, fyuzi ni ya kweli, na kifuniko cha nyuma kina skrubu zake zote nane.

Kijana hakutaka kuigusa. Aliketi mlangoni akitazama. Babu yake alichukua gita, akaliweka gotini, akapiga polepole, maana vidole vyake sasa ni vizito. Sauti ilitoka safi, bila mngurumo. Akapiga hata mwisho wa wimbo, akamgeukia mjukuu wake, akasema, "Njoo, baba. Mwalimu ameipima mara tatu, nami nimemwona kwa macho yangu." Kijana akaja.

Ninyi walimu wenzangu na wanafunzi mnaonisikiliza, katika nyumba nyingi na katika majumba ya starehe ya zamani vimebaki vyombo kama hivi, na vitu vilivyopigiwa muziki wa baba zetu vyastahili kutunzwa. Vitengenezeni, lakini msifanye kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza. Shikeni kalamu kabla ya kushika lehemu. Tafuteni kilele, msitafute wastani. Na mkiwa hamjui, ulizeni, maana kuuliza hakumwangushi mtu, bali mimi niliyejibu upesi niliangusha mtoto wa watu.